Sanduku la Bluu la Festo

Geita,
Jumamosi, 31 Agosti

Mdogo wangu mpendwa Generosa,

Najua utasoma jina lako hapo juu na kusema shikamoo kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni. Kwa hiyo nakujibu hapa hapa: marahaba. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba goti la mama limepungua maumivu tangu apate ile dawa ya kuchua. Mimi mwili unakwenda. Presha inapanda na kushuka, usingizi ni wa saa tatu au nne, lakini nakula na kazini nafika. Geita ni vumbi tupu, mvua bado, na maji ya bomba tunayapata siku mbili kwa wiki.

Utashangaa kwa nini nimemkabidhi kondakta wa basi la Ushirombo bahasha wakati simu yangu ina salio. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa. Soma mpaka mwisho, halafu umpe Festo naye asome.

Nianze na hali ya shauri lake. Kamati ya uchunguzi itakaa Chato mtondo, yaani Jumanne, saa tatu asubuhi. Nimezungumza na katibu wake mara mbili. Aliniambia bila kuficha kwamba mumeo akirudia maneno aliyosema mwanzo, atanyang'anywa leseni ya unahodha na jalada litarudi polisi kama kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Maneno yenyewe unayajua: alisahau kukagua. Katibu alisema hajawahi kukutana na mtuhumiwa asiyejitetea namna ile. Kila akiulizwa sanduku la vifaa lilikuwa wapi siku hiyo, anatazama meza na kusema alisahau.

Mimi na wewe tunajua kwamba Festo hasahau. Miaka sita alivuta kamba kwenye duara, lile shimo la wachimbaji wa dhahabu, kule Nyarugusu, na asubuhi ile mchimbaji mwenzake Ndaki alipoteremka na kamba ikakatika, Festo alikuwa ameambiwa na mwenzake kwamba kamba imeshatazamwa. Ndaki leo anatembelea magongo. Tangu siku hiyo mumeo haamini kamba ambayo hajaipitisha mwenyewe kwenye viganja vyake.

Ndiyo maana Narendra alipofunga safari kutoka dukani kwake hapa Geita kumwomba aendeshe boti yake ya matembezi, Festo alimpa masharti kabla hata hawajazungumzia mshahara. Alitaka jaketi okozi kwa kila kichwa, makasia mawili, na sanduku la dharura. Narendra alilalamika kwamba ameombwa afungue tawi la duka ziwani. Lakini alinunua, na mpaka leo anasema hakuwahi kumwona mtu akinusa plagi ya injini kabla ya kuikubali.

Orodha uliiandika wewe, kwa sababu mwandiko wa Festo hausomeki. Uliibandika kwa gundi ndani ya kifuniko: nanga ndogo ya kukunja na kamba yake mita thelathini, filimbi mbili, fataki tatu za ishara, kioo cha mkononi, kitambaa cha rangi ya chungwa, tochi na betri za akiba, mtungi mdogo wa kuzimia moto, dawa na bandeji, kisu, plagi mbili na spana yake, kopo la kutolea maji. Vitu kumi na kimoja. Mstari wa kumi na mbili alikutajia Festo nawe ukauandika kwa herufi kubwa: USIULIZE MTU, FUNGUA UONE.

Kila safari alifungua akahesabu kwa sauti, abiria wakiwa tayari wamekaa. Walimwita Karani. Sameer, yule mwenye duka la vitenge Kharumwa, alipopanda mara ya kwanza mwezi Juni, alimuuliza kama samaki nao kawahesabu. Festo alimjibu kwamba samaki hawana haja, wao wanajua kuogelea. Sameer aliipenda safari ile, na mwezi Agosti akarudi na mkewe na ndugu zake. Walikuwa tisa.

Sasa nikuandikie siku yenyewe, kwa sababu nadhani Festo hajakusimulia yote. Ilikuwa Jumamosi tarehe kumi. Mimi nilikuwepo ufukweni asubuhi na Hosiana, mpiga picha wa gazeti letu, kwa ajili ya makala ya mapumziko ya mwisho wa wiki. Tulimaliza, nikaondoka kurudi Geita. Boti iliondoka saa nne na dakika ishirini, watu kumi pamoja na Festo, wote wamevaa jaketi.

Injini ilizima saa saba kasoro. Fredy, fundi aliyeifungua baadaye, anasema plagi moja ilikuwa imekufa, na kwamba kuibadilisha ni kazi ya dakika tano. Festo alikwenda nyuma, akafunua turubai mahali pa sanduku, akakuta sakafu tupu. Abiria wawili walinieleza kwamba alisimama ameshika turubai. Kisha alilirudisha taratibu na kuwaambia wapige makasia. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu na hawakuweza kuushinda. Nanga hawakuwa nayo, wakazidi kusukumwa nje. Simu hazikushika mtandao.

Saa nane na nusu mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ulipita, kama mita mia sita kutoka walipokuwa. Walipiga kelele, walipunga mashati. Wavuvi wale walisema waliona watu wanacheza, wakadhani wako kwenye sherehe. Hakukuwa na filimbi wala fataki wala kitambaa cha kuwaambia vinginevyo. Hapo Sameer akasema yeye anaogelea tangu utoto na ataufikia mtumbwi. Festo alimkatalia mara mbili na mara ya pili alimshika mkono. Sameer alivua jaketi kwa sababu lilimzuia mikono, akaruka. Walimwona kwa dakika kumi hivi.

Mtumbwi mwingine uliwakuta saa kumi na kuwavuta mpaka Chato. Sameer aliokotwa Jumatatu alasiri. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Habari niliiandika mimi. Jumapili nzima nilikaa kwenye simu, nikaipeleka saa moja jioni, ikatoka Jumatatu: boti iliondoka bila vifaa vya dharura, nahodha akiri kutokagua. Kila neno lilikuwa sahihi. Mhariri alinipigia kunipongeza kwamba sikumwonea huruma shemeji yangu. Ulinipigia nawe, ukalia, ukaniuliza kama ilikuwa lazima niandike mimi. Nilikujibu kwamba angeandika mwingine angekosea. Nimekuwa mwandishi kwa miaka ishirini na sita, Generosa, na jibu hilo nimeshawapa watu wengi.

Jumatano hii nilikwenda Kharumwa kumwona Khatija, mjane wa Sameer. Nilijiambia kwamba nakwenda kuandika habari ya kufuatilia. Alinikaribisha dukani, akanipa chai, na akaendelea kuwapimia wateja kitambaa huku tukizungumza. Hakulia wala hakumlaani mtu. Alisema nahodha alikaa naye msibani siku aliyotoka kwa dhamana, akapokea maneno makali ya ndugu wote wa Sameer. Mmoja alimwambia kwamba hata punda wa kubeba maji hukaguliwa kamba. Festo alisema ni kweli.

Kisha Khatija akasema kuna jambo linamsumbua, na kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti labda ningeweza kulitafuta. Alikuwa amekaa nyuma ya boti siku hiyo. Kabla hawajaondoka, Sameer alimtania nahodha, akamuuliza mbona Karani leo hahesabu. Nahodha alicheka na kujibu kwamba leo shemeji yake amemhesabia. Khatija aliniuliza kama namfahamu huyo shemeji, kwa sababu angependa kumuuliza alihesabu nini.

Niliandika swali lake kwenye daftari, na tarehe. Nilimwambia nitatafuta. Alinishukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, kama anavyowashukuru wateja, nami nikatoka.

Sasa usikie, mdogo wangu.

Asubuhi ile Hosiana alipoweka kamera machoni alisema sanduku la bluu linaharibu picha, boti imekaa kama inapeleka rangi mnadani. Festo alikuwa ameinama kwenye injini. Nililibeba mwenyewe. Ni zito, kama kilo kumi na tano. Ufukweni palikuwa na watu wengi na sikutaka liibiwe, kwa hiyo nililiweka kwenye buti la gari langu nikafunga. Tukapiga picha. Abiria wakaja. Mhariri akanipigia kuhusu habari nyingine ya bei ya dhahabu. Nikiwa bado na simu sikioni, Festo aliniita kutoka kwenye boti: shemeji, sanduku umelirudisha? Nilikuwa nimemwona Hosiana akibeba vitu vyake kurudi garini, nikadhani amelishughulikia. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilimjibu: limo.

Alikuwa ameshika ncha ya turubai. Aliiachia.

Nimelifikiria hilo turubai kila siku. Angekuwa Narendra aliyejibu, Festo angefunua. Angekuwa mkuu wa wilaya, angefunua. Lakini mimi ni kaka wa mke wake, niliyesimama na baba siku ya mahari, na kufunua mbele ya abiria baada ya mimi kusema limo ingekuwa kuniambia mimi mwongo. Ile kanuni yake aliivunja mara moja tu, kwa ajili ya heshima yangu.

Nililiona sanduku Jumatatu asubuhi, gazeti likiwa limeshatoka. Nilifungua buti kuweka viatu vya mvua ili niende Chato kwenye kumtafuta Sameer. Nililitazama, nikaweka viatu juu yake, nikaenda. Nilisimama ufukweni siku nzima na daftari, nikihesabu mitumbwi iliyotoka kutafuta, na gari liliegeshwa hatua ishirini nyuma yangu. Jioni niliandika habari ya pili. Humo pia hakuna neno la uongo. Festo alikaa mahabusu siku tisa, nami siku ya nne nilimpelekea chakula. Alinishukuru, akaniuliza hali ya presha yangu. Hakunitazama, nikajua anajua. Akaniomba nisikwambie chochote kitakachokuchanganya.

Siku ishirini nimelala na sanduku hilo ndani ya buti, gari likiwa chini ya dirisha la chumba changu. Sina maelezo mazuri ya kwa nini. Nilichoka, niliogopa, na kila siku iliyopita ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi kusema. Watu wengi wameshanieleza hivyo hivyo nikiwa na kalamu mkononi, nami niliwaandika kwa mstari mmoja.

Jana nilifanya mambo matatu. Nilimweleza mhariri, naye amenisimamisha kazi na atachapisha masahihisho Jumatatu. Nilikwenda polisi nikaandika maelezo yangu, kurasa nne, na kuwakabidhi sanduku. Tena nilimpigia Khatija na kumwambia kwamba shemeji aliyemtafuta ni mimi, na kwamba sikuhesabu kitu. Alikata simu. Sijui zaidi.

Sikuombi unisamehe, na mama usimweleze kwanza, nitakuja mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja tu, na ndicho kilichonifanya niandike. Namfahamu mumeo. Jumanne watamsomea maelezo yangu na kumuuliza kama ni kweli, naye atataka kunisitiri tena. Atasema hakumbuki nilichojibu, au kwamba nahodha ni yeye na kukagua ni kazi yake. Akisema hivyo, karatasi zangu zitakuwa maneno ya shemeji anayemwokoa shemeji, na leseni itakwenda. Kaa naye. Mwambie heshima aliyonipa siku ile inatosha. Wakimuuliza nani alisema limo, ataje jina langu lote, na la ukoo.

Kabla ya kulikabidhi sanduku nilifunga mlango nikalifungua, nikahesabu kwa sauti kama anavyofanya yeye. Vitu vyote kumi na kimoja vimo. Plagi bado ziko kwenye makaratasi yake. Mwandiko wako haujafutika.

Msalimie mama, mpe pole ya goti. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na Padri akikuuliza habari zangu mweleze ukweli. Salamu za Festo nitampa mwenyewe Jumanne, mlangoni, kama atanipa mkono.

Ni mimi kaka yako,
Ansgar