Wifi, Vitabu vya Waliorudi Wazima Vimeniishia

Wifi yangu Elirehema,

Sina anwani yako, na namba yako nimeacha kuipiga, kwa hiyo barua hii naiweka hapa kwenye kundi letu la wasomaji, kila mtu aione. Wenzetu watanisamehe. Wamezoea kunisikia nikipendekeza vitabu vya upelelezi, na leo nawaletea mambo ya nyumbani. Humu kuna wageni wasiokujua, basi wajue tu kwamba wewe ni dada wa mume wangu, kwamba ndiye uliyenitia huu ugonjwa wa hadithi za mauaji, na kwamba huu ni mwaka wa tatu hatujui uliko.

Nakumbuka nilipoletwa kijijini kwenu Nkoaranga nikiwa bibi harusi. Kwetu walikuwa wamenitisha vya kutosha kuhusu mawifi, nikaingia kwenu nimejaa hofu. Wiki ile ile ya kwanza ulinikuta nyuma ya jiko nachambua mboga, ukanitupia mapajani kitabu kisicho na jalada. "Soma, wifi," ulisema. "Ukifika katikati uniambie muuaji ni nani. Ukikosea, unamkatia ng'ombe majani wiki nzima." Nikasema ni dereva. Hakuwa dereva. Nilipanda na kushuka vile vijia vya migombani na mzigo wa majani kichwani, nateleza, nawe uko juu unanicheka mpaka unashika mbavu, na mimi nikajikuta nacheka. Siku hiyo ndiyo niliyoacha kulilia nyumbani kwetu.

Vitabu tulivipima kwa sufuria, unakumbuka? Kilichofanya maziwa yamwagike kilikuwa cha kawaida tu, maana maziwa humwagika hata ukiyakodolea macho. Kilichounguza ugali tulikiheshimu. Lakini kilichoweza kuunguza maharage, ambayo yanakupa muda wote ule na harufu ya kukuonya, hicho kilizungushwa nyumba kwa nyumba mpaka kurasa zikalegea. Kile cha daktari wa Tanga mwenye mke pacha kiliunguza maharage yangu, yako, na ya mke wa mwinjilisti. Mama yako alisimama mlangoni akiziba pua. "Vitabu vyenu vitatuua na njaa," alisema, akaenda kumnung'unikia ng'ombe.

Na ulivyokuwa unapendekeza! Wanakwaya walipokuja kuomba kitabu hukuwasimulia hata mstari mmoja. Uliwauliza, "Una nini jikoni?" Wakadhani unawatania. Mwenye mtoto mchanga ulimpa chenye sura fupi fupi. Mwenye mume mkorofi ulimpa kile ambacho mume anakufa mapema. Yule mjane wa kule juu ulimpa kinene kuliko vyote, na alipolalamika kwamba kinamchosha mikono ukamwambia taratibu, "Jioni zako ni ndefu, mama." Alikimaliza, akarudi kuomba kingine. Mimi nimeiba mtindo wako huo na ndio ninaoutumia humu mpaka leo, watu wananisifu kumbe wangekusifu wewe.

Halafu ukapata kazi mjini, kwenye duka la vifaa vya shule, ukapanga chumba Engutoto. Kila ulipokuja nyumbani ulikuja na mfuko wa vitabu vya mtumba. Jumapili ile hukuja kwetu. Ulitoka kanisani, ukamwambia jirani yako kwamba unakwenda Kikwe kumwona rafiki yako aliyejifungua. Kikwe hukufika. Rafiki yako alikuwa ameagiza upikiwe mtori wa ndizi, ukapoa ukikungoja. Kesho yake simu yako ilikuwa haipatikani, na haijapatikana tena.

Unajua watu walimkimbilia nani? Mimi. Polisi walitusikiliza na wakaandika, lakini kijiji kizima kiliniangalia mimi. "Mama Upendo, wewe si ndiye unayewajua wauaji kabla ya kitabu kuisha? Tutafutie." Hata baba mdogo, mtu mzima na akili zake, alinivuta pembeni akaniuliza naanzia wapi. Na mimi, mpumbavu, nikaanza. Nilikwenda na mume wangu, kaka yako Anaeli, chumbani kwako. Khanga zako zilikuwa kwenye kamba. Kwenye bakuli kulikuwa na maharage uliyoyaroweka, yamevimba na kuanza kutoa povu. Katika vitabu vyetu hayo maharage yangekuwa sura nzima: anayeroweka maharage hajapanga kukimbia, kwa hiyo kuna mtu, kwa hiyo tumtafute huyo mtu. Nilihoji jirani, nilihoji wenye maduka, nilihoji makondakta, nilisimama barabarani Kikwe na picha yako mpaka jua likanichoma. Kila niliyemuuliza alikuwa mwema. Hakuna aliyebabaika, hakuna aliyejikanyaga, hakuna aliyekuwa na kovu wala gari jeusi. Kaka yako ndiye aliyeyamwaga yale maharage, akaliosha lile bakuli.

Nilikasirikia vitabu, wifi. Niliviweka chini ya kitanda nikasema basi. Aliyenirudisha ni mama, ambaye maisha yake yote hajawahi kufungua kitabu zaidi ya Biblia na kile cha nyimbo. Alasiri moja tulikuwa tunapukuchua mahindi, akaniambia bila kuniangalia, "Nisomee hivyo vyenu." Nikaleta kimoja. Kabla sijafungua akauliza, "Humo kuna mtu aliyepotea?"

"Yupo, mama."

"Anapatikana?"

"Anapatikana."

"Mzima?"

Bahati yangu, katika kile alipatikana mzima. Nilisoma siku kadhaa, na binti alipoingia uani kwao mama aliweka gunzi chini akapiga makofi kama kwenye harusi. Akataka kingine. Nikatafuta kingine. Hapo ndipo nilipojua ugumu wa kazi uliyokuwa unaifanya kwa kucheka.

Wenzangu wa kundi hili watakumbuka nilipoandika humu: naomba kitabu ambacho aliyepotea anarudi mzima. Sikusema ni cha nani. Mlinipendekezea kwa moyo wote, Mungu awabariki, na karibu vyote mlivyonitajia mtu alikuwa maiti. Mmoja akaniandikia, "Chukua hiki, mwisho wake utalia wiki nzima!" Mwingine akasema anarudi kweli, ila ndiye muuaji. Hicho nilikichukua, maana nilikuwa sina pa kwenda. Nilipomaliza nikamwambia mama kwa woga kwamba, basi ndiyo hivyo, binti ndiye aliyeua. Akanishangaa. "Kuua ni mambo yake na serikali," alisema. "Si karudi?" Ungekuwepo ungegaragara kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kutoka nje, na huko nje kicheko kikageuka.

Vikaisha. Hadithi zetu hizi, wifi, hazipendi walio hai. Zinataka mtu aliyekwisha kufa ili wengine wawe na kazi. Sikuwahi kuliona hilo wakati tunabishana muuaji ni nani. Kwa hiyo nikaanza kusoma yasiyoandikwa. Msichana aliyetupwa kisimani mimi nilimtoa akikohoa. Mke aliyezikwa kwenye shamba la mkonge nilimpandisha basi la kwenda kwa dada yake. Sura za mwisho nilizitunga papo hapo, macho kwenye karatasi, na mama anaitikia, "Enhee, enhee," huku mikono yake ikifanya kazi. Kaka yako alinisikia mara moja akiwa dirishani na ndoo ya maziwa. Aliiweka ndoo chini akaenda zake mgombani, akakaa huko mpaka maziwa yakaingia nzi.

Wazee wa ukoo walikaa mwezi uliopita. Baba mdogo alisema ifanyike ibada ya kumbukumbu, ukoo upumzike, mama apumzike. Aliongea vizuri, sina ugomvi naye. Mama akakataa. "Watu hurudi," alisema. "Mkwe wangu ananisomea kila siku. Wanarudi." Wazee wote wakanigeukia. Nilikuwa nagawa chai. Ningesema nini? Kwamba hiyo imani aliyonayo mzee wa watu naitengeneza mimi kila alasiri, mwanamke aliyeshindwa kumpata mtoto wake?

Tangu hapo mama ameshuka sana. Miguu imevimba, anashinda kitandani, na bado kila siku anasema nilete kitabu. Jana nilikuwa na kile cha binti wa mwenye mashine ya kusaga. Nimekisoma zamani na wewe, kwa hiyo nilijua kinakokwenda. Nilipofika sura ya mwisho nikavuta pumzi nikaanza yangu: nikasema binti alionekana kwenye mnada, amekonda, ananunua chumvi. Mama akanyoosha mkono akauweka juu ya ukurasa.

"Mama Upendo. Leo kisome kilivyoandikwa."

Nilijifanya sikuelewa. Akanitazama kwa yale macho yako.

"Ukifika kwenye ya kwako unasoma haraka," alisema. "Tangu kile cha kisima najua. Nilikuacha kwa sababu nilikuwa napenda kusikia."

Basi nikasoma, wifi. Nilisoma neno kwa neno. Walimkuta mtoni, kwenye matete, na baba yake alimtambua kwa kitambaa. Niliendelea mpaka nukta ya mwisho. Akauliza walimzika wapi. Nikatazama tena ukurasa, nikamwambia kitabu hakisemi.

"Yeye angalau wamemwona," alisema mama, akageukia ukutani. Baadaye, nilipodhani amelala, akasema, "Mwite baba yenu mdogo. Mwambie nimekubali."

Ibada ni Jumamosi. Maturubai yameshaombwa, kwaya yako itaimba, na kaka yako anafyeka njia ya kupandia ili wageni wasiteleze. Hakutakuwa na kaburi. Mama amesema mahali pako pale kando ya kaburi la baba yako pasichimbwe wala pasipandwe kahawa, pakae hivyo hivyo.

Kitabu cha kupendekeza leo sina. Kuna mtu ameniuliza humu asubuhi nimpe kitu kizuri cha mwisho wa juma, nikajaribu kumuuliza ana nini jikoni, vidole vikakataa kuandika. Naona sitapendekeza tena. Nilikuwa napenda hadithi hizi kwa sababu mwishoni mtu huketi na wote waliobaki, akawaeleza moja baada ya jingine lilivyokuwa. Hakuna atakayekuja kukaa nasi atueleze. Zamani nililala nikiamini kwamba kuna kitu kimoja nilikiona chumbani kwako nikakosa kukielewa, na kwamba kitanijia. Hakijanijia, na siku hizi nalala bila kukitafuta.

Wasifu wako nimepewa niuandike mimi, kwa kuwa eti mimi ndiye msomaji. Nimeanza na ulipozaliwa na ulipobatizwa. Nimeandika shule zako, kazi yako, sauti yako ya pili kwenye kwaya, na kwamba ulipenda vitabu, hapo nimekaa muda mrefu. Kisha nimefika pale ambapo wasifu wa kila mtu husema alifariki lini, wapi, na kwa sababu gani. Baba mdogo amechungulia akasema niweke lolote la heshima, watu hawawezi kuondoka kanisani bila mwisho. Nimemkatalia mbele ya mama. Nimewatungia wengi, wifi. Wewe sitakutungia.

Kwaheri, Elirehema. Nakulilia waziwazi sasa, na mama yako pia.

Mimi wifi yako,
mke wa Anaeli, Mama Upendo