Kuni za Mkambala

Temeke, 4 Februari 1951

Kwa mama yangu Bi Somoe, Goba.

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu umepoa na mbuzi hawajavunja ua tena. Mie sijambo. Mume wangu Marijani naye hajambo, ila siku hizi meli ni nyingi gatini na mgongo unamsumbua. Barua hii anakuletea Shomari wa lori, huyo anayepakia kuni zako kuja kuziuza mjini, maana ndiye mtu pekee anayefika kwako na kwangu.

Mama, tangu niolewe hatujaandikiana, na sitaki kuanza leo kuulizana nani alinuna kwanza. Nina mimba. Huu mwezi wa saba, na ni ya kwanza. Desturi yetu unaijua kuliko mie: uzazi wa kwanza, mama ndiye anayekuja na kuni alizozikata kwa mkono wake, akachemsha maji na kumkanda binti yake mpaka arobaini itoke. Mama mdogo Tabu ameshautangazia mtaa kwamba yeye ndiye atakayenikanda, kwa kuwa niliolewa nikitokea nyumbani kwake na baba mdogo Mwishehe. Mie sitaki. Nakutaka wewe na kuni zako.

Sikuombi, mama. Nakuambia tu, maana nikikuomba utakataa.

Mwanao,
Mwajabu

*

Goba, 13 Februari 1951

Kwa binti yangu Mwajabu.

Marahaba. Mguu umepoa, mbuzi wamevunja ua. Nimefurahi kusikia una afya. Usinyanyue ndoo za maji, na huo udongo unaoutafuna uuache, Shomari ameniambia.

Kuni ninazo. Nauza. Lori linapakia kila Jumanne, na wenye migahawa ya chai wananunua kabla hazijashushwa. Mumeo akitaka, naye anunue.

Umetaja desturi, basi tuitaje yote. Baba yako Mfaume alipofariki nilikaa eda ndani ya nyumba hii, sitoki hata kwenda kisimani. Nikiwa humo, shemeji yangu Mwishehe akakuoza huko Temeke. Hilo nililimeza, yeye ni baba yako mdogo na idhini ilikuwa yake. Lakini mkaja wangu uko wapi? Mie ndiye niliyekubeba tumboni, mie ndiye niliyejifunga tumbo kwa kitambaa siku nilipokuzaa, na kila mwanamume anayeoa pwani hii anampelekea mama wa binti kitambaa chake, ndiyo shukrani ya ule uchungu. Nilikaa nikingoja. Eda ikaisha, mvua zikanyesha, mahindi yakavunwa. Hakuja mtu.

Asiyepewa mkaja hana mkwe, na asiye na mkwe hapeleki kuni za uzazi nyumbani kwa mwanamume asiyemjua. Hilo silibadilishi. Na mkikosa kuni zangu, msinunue za mkorosho. Moshi wake utakutoa machozi wewe na mtoto.

Mama yako,
Somoe

*

Temeke, 25 Februari 1951

Mama, shikamoo.

Sie hatujambo, mtoto anacheza sana, hasa nikilala ubavu. Natumaini umeziba ua.

Barua yako nilimsomea Marijani, nikamwona anabadilika uso. Mama, mkaja aliutoa. Kwao Tabora mambo yote ya ndoa hukabidhiwa mwanamume wa upande wa binti, naye ndiye anayeyafikisha. Basi alinunua kitambaa cheupe kizuri, akakikunja pamoja na halua, akamkabidhi baba mdogo, akajua kimefika. Haya yote mie sikuyajua, bibi harusi nilikuwa ndani nimefunikwa.

Nikaenda kwa mama mdogo. Nilidhani atakana. Hakukana. Alisema, "Mamako alikuwa edani, mtu wa eda hapokei vitu vya furaha. Nikampokelea." Nikamuuliza, ukampokelea, ukampelekea lini? Akacheka. Akasema mwaka ule tumbo lilimshika akajifunga nacho, kikamfaa, na sasa kimechakaa kinafunikia unga. Nilikiona, mama. Kilikuwa juu ya ungo. Niliondoka bila kunywa maji.

Marijani amenunua kingine, bora kuliko kile. Shomari anacho, atakupa pamoja na barua hii. Basi deni hilo limekwisha, na wewe njoo.

Mwanao,
Mwajabu

*

Goba, 6 Machi 1951

Binti yangu Mwajabu, marahaba.

Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Kitambaa kinarudi na Shomari, mwambie asikipakie tena pamoja na kamba zake zenye grisi.

Tabu nimemsikia. Huyo tulitwanga naye kinu kimoja alipoletwa hapa akiwa mwari, na mie ndiye niliyemfundisha kufunga tita. Nimeumia, wala sifichi. Alivyokuambia wewe angekuja kuniambia mie, ningemkaripia yakaisha. Kufunikia unga, lakini.

Mumeo simlaumu kwa alilolifanya kwanza, hakujua. Nitamlaumu kwa hili la pili. Mkaja hauletwi na dereva. Tabora hawana mama? Aulete mwenyewe, kwa miguu yake, aniambie kwa mdomo wake kwamba mwanangu yuko kwake. Asipoweza, basi nyie endeleeni na maisha yenu na mie niendelee na kuni zangu.

Biashara haijambo. Ila wateja wananichosha, kila anayekuja anataka lile rundo la mkambala lililo nyuma ya nyumba. Nawaambia bado bichi.

Mama yako,
Somoe

*

Temeke, 1 Aprili 1951

Mama, shikamoo.

Barua hii imechelewa kwa sababu ya masika. Lori la Shomari limekwama na haji Goba mpaka njia ikauke, kwa hiyo nimempa muuza mihogo anayepita Mbezi. Sie wazima. Miguu yangu imevimba, lakini mkunga anasema ni kawaida.

Mama, lile rundo la nyuma ya nyumba, Shomari anasema ulilikata wakati wa vuli, juma lile lile alipokuambia kwamba natafuna udongo. Kuni za vuli haziwi mbichi mpaka leo. Nimeishia hapo, sisemi zaidi.

Marijani atakuja. Gatini msimamizi wao hataki mtu akose, hata Jumapili meli zikiwepo, na aliyekosa akirudi hukuta nafasi yake imechukuliwa. Nilimwambia asubiri. Akanijibu kwamba kazi ya kubeba magunia ataipata tena, ila mama mkwe hana mwingine. Anangoja tu mto upungue apate kuvuka.

Mama mdogo alikuja na sufuria kubwa ya kunichemshia maji, akaiweka uani kwangu. Nimeirudisha. Baba mdogo amekasirika, anasema nina kiburi, sijui nimekitoa wapi. Mie nimeshaamua. Nikizaa kabla hujaja nitaoga maji ya mtungini yakiwa baridi, na watakaouliza nitawaambia namngoja mama yangu.

Mwanao,
Mwajabu

*

Goba, 16 Aprili 1951

Mwajabu mwanangu, marahaba, na poleni na mvua.

Mumeo alifika jana. Nilikuwa kando ya njia napasua kuni zangu, nikamwona mtu anakuja, matope mpaka magotini, kitambaa cheupe amejifunga kichwani kama kilemba kisilowane. Akanisalimu, akaniuliza nyumba ya Bi Somoe. Nilishamjua, nani mwingine wa Goba atakayevaa mkaja kichwani? Nikamwambia, "Kwanza nisaidie kupasua gogo hili, Somoe nitakupeleka."

Akapasua. Nikampa lingine. Akapasua na hilo. Nikataka kuona kama atachoka au atakasirika, hakufanya lolote kati ya hayo, ila kila mara alivua kitambaa akakining'iniza mtini na akimaliza akakifunga tena. Adhuhuri ilipoadhiniwa nikaona haya. Nikamwambia, "Somoe ndiye mie." Alikaa chini pale pale kwenye matope, mama wee, mtu mrefu vile. Kisha akanishikisha kitambaa kwa mikono miwili, akasema, "Mama, binti yako yuko kwangu, na nilikosea njia ya kukuambia." Nikakifunga tumboni mbele yake. Nililia, na hapakuwa na moshi.

Tulipokula alitazama lile rundo la nyuma, akauliza nauza vipi, ajitwike kiasi anachoweza arudi nazo. Nikamwambia hizi haziuzwi.

Shomari anasema Jumanne ijayo atajaribu njia ya juu. Akikwama nitashuka, nijitwike tita moja, mengine yatafuata. Barua hii anakuletea mumeo. Usiijibu, sitakuwepo wa kuisoma. Na maji baridi usithubutu.

Mama yako,
Somoe

*

Temeke, 1 Julai 1951

Mama, shikamoo.

Tangu urudi Goba nyumba imepwaya. Mjukuu wako Mfaume anakusalimu, anatia ngumi zake mdomoni kutwa. Tumbo langu limerudi, mgongo hauniumi, na majirani wanasema nimenawiri, wanataka kujua ni mafuta gani. Nawaambia ni maji ya moto na mama mkali. Marijani alipata kazi gati jingine, msimamizi huyu wa sasa si mbaya.

Mama, kuna jambo. Kuni zako zimebaki, zimejaa ile pembe yote ya ua. Juzi mama mdogo Tabu alikuja. Binti yake aliyeolewa Mtoni amerudishwa kwake kuzaa, ni uzazi wa kwanza, na mama mdogo mwenyewe siku hizi kifua kinambana, hawezi kwenda porini kukata. Sokoni kuni bado zina maji ya masika. Alisimama mlangoni, fedha mkononi, akasema, "Niuzie zilizobaki." Hakuingia. Sikumkaribisha.

Nikamwambia kuni si zangu, nitakuuliza. Mie moyo wangu nakuambia wazi: nilitaka nimnyime. Kisha nikawaza nimuuzie zile za mkorosho ambazo Marijani aliokota, akae jikoni moshi umtoe machozi kutwa, apate kujua. Lakini neno ni lako. Binti yake amebakiza siku chache, kwa hiyo nijibu haraka.

Mwanao,
Mwajabu

*

Goba, 3 Julai 1951

Mwanangu, marahaba. Nambusu Mfaume. Shomari ananingoja huku amewasha injini, nitakuwa mfupi.

Usimuuzie. Kuni za uzazi zilizobaki hazikuuzwa tangu bibi yako, na sitaanza mie. Mpe. Mpe zote, na fedha yake asiitoe hata kwenye kanga.

Usidhani nimemsamehe. Nikifungua kabati nikauona mkaja wangu bado nauona na ule wa juu ya unga. Lakini huyo binti anayezaa hakufunga mkaja wa mtu, na mtoto wake hajui kama mie nipo. Anahitaji maji ya moto, basi.

Mpelekee mwenyewe, wewe na Marijani, mchana watu wakiona, na umwambie zimetoka kwa Somoe. Zile za mkorosho ziache hapo hapo. Mpe mkambala mtupu, ule mkavu usio na moshi. Tabu atakaa mbele ya moto huo mpaka arobaini itoke, na nataka akilia asipate la kusingizia.

Mama yako,
Somoe