Bata Aliyelia Katikati ya Hotuba

Kwako wifi yangu Syombua,

Jana nilikuwa nafua nyuma ya jikoni, nikaanza kucheka peke yangu mpaka mke wa kijana wetu akatoka kuangalia kama niko sawa. Nikamwambia nimekumbuka kitu. Akauliza kitu gani, nikakosa pa kuanzia, kwa sababu ukianza na bata lazima ueleze habari ya mbwa, na ukianza na mbwa lazima ueleze ni kwa nini wanawake wawili wazima walikuwa katikati ya bwawa na nguo zao zote. Naona heri nikuandikie wewe. Wewe ulikuwepo. Hutaniuliza maswali, ingawa najua ungenisahihisha.

Unakumbuka nilivyokuja hapa Makueni? Msichana wa Kyuso, mwembamba kama mwiko, ambaye maji aliyajua yakiwa ndani ya mtungi. Sikuwa nimewahi kuona maji yamelala tu chini bila kazi. Ndugu yako Kilonzo ndiye aliyenioa, lakini nilipofika niligundua boma lina mwenyewe, na si yeye. Kilonzo ukimwuliza swali asubuhi, jibu linakuja jioni, na lenyewe ni "sawa." Mama alikuwa anaumwa miguu, anashinda kitini. Mwenye boma ulikuwa wewe, dada mkubwa ambaye hakuolewa, na funguo za ghala zilikuwa zinaning'inia kiunoni mwako zikilia kila ukipiga hatua, ili nijue unakuja nianze kuogopa mapema.

Ulikuwa unaonja mboga yangu, unanyamaza, halafu unatia chumvi. Kesho yake niliongeza chumvi. Ukaonja, ukanyamaza, ukatia maji. Sufuria nikishaosha, ulikuwa unaziosha tena, na ulikuwa unaziosha mbele yangu. Hukuwa unanitukana. Ungenitukana ningekuwa na la kumwambia mama yangu. Kwa hiyo wiki ile chifu alipoita baraza, nilikuwa nimeshaamua. Begi langu lilikuwa chini ya kitanda limejaa. Jumatatu ningepanda basi mpaka Kitui, na kutoka Kitui ningejua njia ya kufika kwetu.

Lakini kwanza kulikuwa na Jumamosi.

Chifu alisimama akasoma karatasi kutoka juu: "Wananchi, Jumamosi tutakuwa na sherehe kwenye bwawa letu. Sherehe ya kuwinda bata na kuhifadhi ardhi ovu."

Mke wa pasta akainua mkono. "Bwana chifu, ardhi ovu inahifadhiwa ya nini?"

Chifu akasogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali. "Mama, mimi nasoma vile imeandikwa."

Ilikuwa imeandikwa "oevu," yaani ardhi yenye maji maji, vinamasi na mabwawa kama letu, lakini nani kati yetu alikuwa amewahi kusikia neno hilo? Wanyama wakubwa walikuwa wameshakatazwa kuwindwa wakati huo. Ndege walikuwa bado wanaruhusiwa, mtu akiwa na leseni. Mpango ulikuwa kwamba wawindaji kutoka Nairobi watapiga bata wa porini asubuhi, halafu mchana watasaidiana na sisi kupanda matete ukingoni na kuweka ua wa miti, ng'ombe wasiendelee kukanyaga mpaka bwawa lijae udongo. Mpango mzuri kabisa. Chifu akamalizia, "Kila boma litoe watu wawili wa kujitolea. Na asiyejitolea atanieleza kwa nini."

Kwetu ulijitolea wewe. Halafu ukanijitolea na mimi bila kuniuliza.

Siku yenyewe ulifungwa kitambaa chekundu mkononi kuonyesha wewe ni mkubwa wa wapishi, na kutoka hapo hukutembea tena, ulikuwa unapiga gwaride. Akina mama wa kanisa walifika na matari yao, tayari kukemea shetani wa ardhi ovu. Wageni wakaja na Land Rover zao. Ya mbele kabisa ilikuwa ya daktari mmoja wa meno, mnene, mpole, amevaa kofia yenye manyoya, naye alikuwa amekaa nyuma kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa cha mbwa. Mbwa huyo aliitwa Prinsi. Alikuwa na taulo lake. Mimi nilikuwa kwenye ndoa mwaka wa pili na sikuwa na taulo langu.

Tulielezwa kwamba Prinsi amefundishwa. Bata akipigwa akaanguka majini, Prinsi anaogelea, anamleta mdomoni bila kumuuma. Watu walimheshimu sana. Kwa bahati mbaya sufuria kubwa ya muthokoi ilikuwa imeshaiva, mahindi yametwangwa vizuri na maharagwe yamelainika, na mtu fulani aliacha kifuniko wazi. Mimi mpaka leo nasema ni wewe. Wewe mpaka unakufa ulisema ni mimi. Tulipogeuka, Prinsi alikuwa ameingiza kichwa chote mpaka mabega. Alikula kama mtu ambaye hajawahi kupewa chakula cha kweli maishani. Kisha akalala chini ya mti wa mgunga, tumbo juu, akakoroma wakati bunduki zinalia.

Daktari wa meno alipiga risasi nyingi sana asubuhi ile. Bata walikuwa wanamzunguka juu kama wanamfahamu. Mwishowe mmoja akaanguka, pale katikati, na sisi sote tukapiga makofi kwa kumhurumia yule mzee. Akapiga filimbi. Prinsi akafungua jicho moja, akalifunga.

"Prinsi!" daktari akaita. "Prinsi, twende!"

Prinsi akageukia upande mwingine.

Daktari alikuwa karibu kulia. Akatuangalia. "Hakuna mtu anaweza kuingia?"

Wanaume wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Ndipo nikasikia sauti yako, tamu kama asali: "Mke wa ndugu yangu anaweza. Huyu ni wa Kyuso. Haogopi kitu."

Kyuso, wifi! Kwetu ningejifunza kuogelea wapi, kwenye mchanga?

Watu wote walinigeukia. Ningeweza kukataa, lakini nilikuona umesimama na kitambaa chako chekundu, umekunja mikono, unangoja nikatae. Nikafunga leso kiunoni nikaingia. Ilikuwa hasira, usije ukafikiri ilikuwa ujasiri. Maji hayakuwa mengi, yalinifika tumboni tu. Shida ilikuwa chini yake. Tope la bwawa lile lilikuwa linashika mguu kama mtu anayekudai. Nilifika kwa bata, nikamshika shingo, na yeye akageuka akaniangalia. Alikuwa mzima! Risasi ilikuwa imemkwaruza tu akazimia. Nikapiga yowe, nikataka kukimbia, na miguu ikakataa. Nikazama mpaka tope likanifika mapajani.

"Simama hapo hapo!" ukapiga kelele kutoka ukingoni.

"Kwani naweza kwenda wapi?" nikajibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukujibu tangu niolewe.

Halafu ukaja. Hakuna aliyekutuma. Ulikuja na gauni lako la kanisani, funguo zinalia ndani ya maji, unanikaripia njia nzima, na ulipofika kando yangu ukanyoosha mkono univute, ukazama na wewe. Tukabaki tumesimama pale kama nguzo mbili za ua, bata katikati yetu.

Ukingoni walianza kutafuta kamba. Unajua walivyochukua muda. Mimi nilikuwa naogopa ruba, na wewe ulikuwa unatazama mbele kama uko ibadani. Kisha ukasema bila kunigeukia, "Umeacha gauni la kijani kwenye kamba."

Nikajifanya sijaelewa. "Gauni gani?"

"Begi umelijaza nguo zote, la kijani umelisahau. Unaenda Jumatatu ama Jumanne?"

Nikasema, "Jumatatu."

"Nilipoliona begi nilifurahi," ukasema. "Sikudanganyi. Nilifurahi siku nzima. Halafu nikakaa nikafikiria, huyu akienda nitagombana na nani? Mama anasinzia. Kilonzo hajibu."

Wifi, nilijaribu kukasirika nikashindwa. Ndipo ukasema lile lingine, kwa sauti ya chini kiasi kwamba bata alilisikia vizuri kuliko mimi. "Na ukikaa, utazaa, nyumba itakuwa yako. Siku moja mtaniambia nitafute mahali pangu. Mahali pangu ni wapi? Nimezaliwa hapo."

"Nikuambie wewe utoke?" nikasema. "Mimi hata kukuambia chumvi imetosha naogopa!"

Ulinigeukia. Uso wako ulikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Ukaanza kucheka, mimi nikacheka, na kila tukicheka tulizidi kuzama, na tukizama tunacheka zaidi. Akina mama wa kanisa walipoona tunatikisika namna ile wakafikiri tunakata roho, wakaanzisha wimbo wa mazishi.

"Bado!" ukawapigia kelele. "Bado! Bado!"

Chifu alikuwa amepata kipaza sauti. "Wananchi, msiwe na wasiwasi! Wanaozama ni wa kujitolea!"

Walitufunga kamba kiunoni wakatuvuta na Land Rover, tukatoka kwa kishindo, bila viatu, bila heshima. Kabla hatujafika ukingoni nilikuona unafungua kifungo cha gauni unamsukuma bata ndani.

"Unafanya nini?" nikanong'ona.

"Huyu ni kitoweo chetu," ukasema. "Tumemfia."

Kwa hiyo daktari wa meno aliambiwa bata wake amezama. Alisikitika, lakini kwa aibu ya mbwa wake hakuuliza zaidi. Tukaoga kidogo ukingoni, tukapanda matete na wengine, na kifua chako kilikuwa kimejaa upande mmoja kuliko mwingine. Mchana tukaketishwa mstari wa mbele tusikilize mgeni wa heshima kutoka Nairobi, mtu mrefu mwenye suti. Alieleza maana ya ardhi oevu, na mke wa pasta akapumua kwa nguvu. Akasema bwawa likitunzwa litakuwa na maji hata wakati wa ukame. Akasema, "Kwa hivyo ndugu zangu, ni jukumu la kila mmoja wetu kuhifadhi..."

Bata akalia.

Mgeni akanyamaza. Chifu akainuka nusu. "Nani huyo?"

"Ni kikohozi," ukasema, uso mkavu kabisa.

Mgeni akaendelea. Bata akalia tena, mara hii kwa urefu, kama ana malalamiko. Kisha kichwa chake kikatokea kwenye kola ya gauni lako, chini ya kidevu chako, akaangalia mkutano wote kulia na kushoto. Mimi nilikuwa natafuta shimo la kuingia. Daktari wa meno alisimama, akakaa, akasimama tena.

Na wewe, wifi, ukainuka pole pole, ukakunja mikono chini ya bata, ukasema kwa sauti ya mtu aliyetayarisha hotuba wiki nzima: "Mheshimiwa, umesema tuhifadhi. Mimi nimehifadhi."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile tena. Matari yalilia. Mgeni alivua miwani akafuta macho. Akasema kwamba kati ya wote waliokuja na bunduki na magari, ni mama huyu peke yake aliyeelewa sherehe ni ya nini, na akakuomba umrudishe bata majini mbele ya watu wote. Ulitembea mpaka ukingoni kama bibi harusi. Nilikuwa nyuma yako. Wewe tu na mimi ndio tunaojua ulichosema ulipoinama kumwachilia: "Nenda, mjinga wewe, na nilikuwa nimeshatenga vitunguu."

Jioni ile mama alitukataza kuingia ndani na matope. Tukaogea nyuma ya ghala, ukanisugua mgongo kwa nguvu mpaka nikafikiri unaniadhibu. Jumatatu uliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, ukavuta begi, ukatoa nguo moja moja, na kila moja ukaikunja upya huku ukiniambia watu wa Kyuso hawajui kukunja nguo. Kilonzo alisimama mlangoni akauliza kuna nini. Jioni nilimjibu, "Sawa."

Wawindaji walirudi mara chache, baadaye wakaacha kuja. Matete yalibaki. Miaka ile mibaya ambapo mpaka watu wa Emali walikuwa wanatafuta maji kwa lori, bwawa letu lilipungua lakini halikukauka, na bata wa porini walikuwa wanatua bila mtu kuwauliza kitu. Funguo za ghala ulinipa mwenyewe, bila maneno, asubuhi moja ulipoona huwezi tena kuinama. Chumba chako hakikuguswa na mtu. Hakuna aliyekuambia utafute mahali, na angekuwepo ningemtoa yeye kwanza.

Sasa nikuambie la mazishi, maana hili hukuliona. Pasta aliita ndugu wa marehemu waje mbele watie udongo. Kilonzo akaenda, na binamu zako. Mimi nilibaki kwenye kiti na wake wengine wa ukoo, kwa sababu huo ndio utaratibu. Shangazi yenu yule wa Kitui, ambaye sasa haoni vizuri, akageuza kichwa akauliza kwa sauti kubwa, "Na yule dada yake mwingine, yule wanayegombana naye kila siku, kwani hakuja?"

Watu wakacheka kwenye mazishi, wifi. Halafu wote wakaniangalia. Nikainuka, nikaenda nikasimama na ndugu zako, nikachukua udongo.

Lala salama. Huku kwetu hakuna anayenikaripia, na siku zimekuwa ndefu.

Ni mimi, mdogo wako,
Mwikali