Chini ya Mia

Jumatatu, 3 Juni

Gofu leo: mapigo mia na sita kumaliza mashimo yote. Tena. Shemeji, kaka wa mke wangu na nahodha wa timu ya klabu, kaja kula kwetu na kutangaza: mechi na wageni imebaki nafasi moja. Ama mimi, ama daktari wa meno. Jumamosi tucheze sote. Mapigo machache ndiyo ushindi: nikirudisha kadi ya chini ya mia, nafasi yangu. Nikishindwa, ya daktari, na mimi niendelee kushangilia — kazi niliyoifanya miaka yote kwa moyo mmoja na kiti cha kukunja.

Mke wangu kasema kiti kimeshanizoea.

Jumanne, 4 Juni

Raha ya kuuza mazulia: uwanja uko dukani. Nimelaza kikombe mwisho wa zulia la manyoya, nikasukuma mipira kutwa. Kufika jioni sikosi. Mteja kakaa juu ya bunda, kanitazama, kauliza kama zulia linauzwa au ni la kuchezea. Nimemuuzia la pembeni. Najisikia bingwa.

Jumatano, 5 Juni

Bingwa wa manyoya. Klabuni nyasi za kuzunguka shimo zimenyolewa kama kichwa changu, na mkono umezoea zulia zito. Kila mpira ulilipita shimo kama haulijui. Mke wangu, aliyekuja kubeba mwavuli na maneno, kacheka mpaka kakaa chini. Halafu kasema jambo. Kwamba mpira wa kwanza naupiga kama nagombana na mtu, kisha nautafuta vichakani. Nikishalikaribia shimo, nagonga-gonga kama anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Fimbo kubwa, ile ya kupigia mbali, si niiache nyumbani?

Nikamwambia, mama watoto, gofu si kufagia.

Akasema kufagia angalau kunaisha.

Alhamisi, 6 Juni

Fimbo kubwa iko nyuma ya mlango. Simwambii.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kwa mwalimu wa klabu, mama mfupi asiyepoteza maneno. Hakutaka hata kuniona nikipiga mbali. Kanisimamisha hatua chache tu kutoka shimoni: mpira utambae, usiurushe kama njiwa. Ukiingia mitini, toka kando, upoteze pigo moja. Usitafute dirisha kati ya matawi. Na ukisukuma kutoka mbali, usitake uingie, utake ulale karibu. Yanayobaki ni kiburi, kasema, na hicho yeye hatibu.

Miaka yote hii mimi naona madirisha tu!

Jumamosi, 8 Juni

Naandika barazani klabuni. Radi imetukimbiza.

Shimo la kwanza daktari kapiga mbali mno, tukasahau hata kumpigia makofi. Mimi, fimbo fupi, katikati ya njia. Shemeji: "Shem, hilo ni pigo au salamu?" Nikacheka, nikaufuata. Shimo la saba nikaingia mitini. Nikaona dirisha. Dirisha zuri kabisa. Nikaligeuzia mgongo, nikatoka kando. Baadaye daktari, aliyekwisha kutumbukia majini mara mbili, kaniuliza kwa sauti ya chini nafundishwa na nani. Nikamtajia mwalimu. Na mke wangu.

Shimo la mwisho. Mapigo tisini na nane, mpira hatua moja kutoka shimoni. Nikiuingiza, tisini na tisa. Hapo mbingu zikapasuka. Tukaweka alama mpira ulipolala, tukatimua mbio.

Sasa, sisi tuna mtindo wetu. Siku za kawaida, mpira ukikaribia hivyo mwenzio husema "zawadi", unauokota, unahesabiwa umeingia. Lakini kadi ya leo si ya kawaida, mpira lazima uingie. Na daktari, ndiye anayeniandikia kadi, kaniambia sasa hivi: "Zawadi hiyo, kaka. Naandika tisini na tisa, twende zetu nyumbani." Nafasi yake mwenyewe anaigawa! Shemeji anaitazama mvua kama vile ndiyo iliyoulizwa.

Hatua moja. Nani angekosa? Mimi. Nimeshakosa ya karibu zaidi.

Ila mipira ya namna hii huwa naiokota. Sauti yake ikianguka ndani siijui vizuri.

Nimemwambia asiandike kwanza. Ananitazama kama mgonjwa aliyekataa ganzi. Mvua inapungua. Naifuta fimbo kwa shati. Mlinzi kapiga kengele, uwanja uko wazi. Viatu vimeloa chapachapa. Nafunga kamba —