Mara Nne Nilimwambia Chakula Kilikuwa Kizuri

Mpendwa Shangazi Hilary,

Nakuandikia nikiwa na karatasi mbili mezani, hii yako na nyingine tupu ambayo natakiwa niijaze kabla ya Ijumaa, na hiyo tupu ndiyo inayoninyima raha, maana aliyeniletea anataka nimsaidie kumjibu mtu aliyemuumiza, na mtu huyo ni mimi, na yeye hajui. Naomba unisaidie, kama unavyowasaidia wengine kwenye safu yako ya ushauri. Majina nimeyabadilisha na kijiji sikitaji.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, nina miaka sabini na mmoja. Tangu nistaafu naandika safu ndogo kwenye gazeti la wilaya, kila baada ya wiki mbili, kuhusu chakula cha mchana katika baa za vijijini, natia sahihi ya "Uma na Kisu" na anayenijua ni mhariri peke yake. Hapa kwetu kuna baa moja ya zamani kando ya mto, ina vyumba vinne vya wageni juu na moto wa kuni chini, na ukutani wamechora mistari ya miaka ambayo mafuriko yaliingia ndani, wa juu kabisa unanifika kifuani. Waliokuwa wameipanga na kuiendesha ni Hedley na mkewe Doreen. Hedley alikuwa mtu wa mapipa ya bia na mazungumzo, jiko lilikuwa la Doreen, na chakula chake cha Jumapili, nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi vyenye ganda linalolia mdomoni, pudini ya Yorkshire, ule mkate wa unga na mayai unaoliwa na nyama, iliyovimba mpaka unaona haya kuichoma, mchuzi alioanza kuuchemsha na mifupa tangu asubuhi, nimekila miaka kumi na tisa kwenye meza ileile ya dirishani, na kile kipande cha mwisho cha nyama, kilichoungua pembeni, alikuwa ananiwekea mimi bila kuulizwa. Alikuwa rafiki yangu. Alifariki mwezi wa Februari.

Hedley alifunga wiki tatu, kisha akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje kwamba chakula cha Jumapili kipo kama kawaida. Kijiji kizima kikaenda, nami nikaenda, nikakaa dirishani nikitazama bata majini ili nisitazame mlango wa jikoni. Shangazi, haikuwa kama kawaida. Viazi vilikuwa vibichi katikati, nyama imekauka, mchuzi ni ule wa unga wa kopo na una madonge, na pudini haikuinuka hata kidogo. Na Hedley anapita meza kwa meza amevaa aproni ya Doreen, ile ya maua, imemwishia juu ya mapaja.

"Chakula kizuri, Mwalimu?"

"Kizuri sana, asante."

Sahani ilipofika nusu akarudi. "Kweli lakini? Viazi je?"

"Vitamu, Hedley. Vitamu kabisa."

Alipokuja kuondoa sahani nilikuwa nimeshaficha viazi viwili chini ya kabichi, na akasimama pale ameishika sahani, haondoki. "Niambie tu, Mwalimu. Kiko sawa?"

"Kiko sawa, usijihangaishe. Nenda kawahudumie wenzangu."

Wewe ni wa hapahapa, unatujua tulivyo. Mhudumu akituuliza tunasema kizuri, hata kama nzi anaogelea kwenye mchuzi, kisha tunalalamika ndani ya gari mpaka nyumbani. Mimi sina gari. Nilirudi kwa miguu kwa njia ya kando ya mto, nikakaa, nikaandika. Mhariri alikuwa ameshaniambia wasomaji wamechoka na sifa zangu, lakini simsingizii yeye, niliandika kwa hasira ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nini, nikaeleza viazi na mchuzi, na kuhusu pudini nikaandika kwamba "ilikuwa imelala chini kama mtu aliyekata tamaa." Sentensi hiyo niliipenda. Niliisoma kwa sauti peke yangu jikoni, nikatabasamu.

Gazeti likatoka Alhamisi. Jumapili iliyofuata ubao ulikuwa umefutwa, na baa inauza bia na karanga tu. Wiki ya tatu sasa. Jumatatu Hedley akabisha hodi kwangu, kile kipande cha gazeti kimekunjwa kwenye mfuko wa shati.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye kalamu hapa kijijini. Nisaidie kumjibu huyu mshenzi."

"Hedley, gazeti tu hilo. Watu watasahau."

"Mimi sijasahau. Imelala chini kama mtu aliyekata tamaa. Nimeikariri. Mtu wa namna gani anakaa kitako anatunga kitu kama hiki?"

Nilikuwa namimina chai, nikaimwaga kwenye kisahani.

"Siku ile nilitoa sahani thelathini na moja," akasema. "Kila mtu nilimuuliza. Na nilikuwa sitafuti sifa, Mwalimu, nilikuwa nauliza kwa sababu sijui! Doreen ndiye aliyekuwa anajua. Mimi ni mtu wa mapipa. Ninyi wote mkaniambia safi kabisa. Sasa ama huyu ni mwongo, ama ninyi nyote ni waongo. Wewe ulikuwepo, ulikula. Kilikuwa kizuri au hakikuwa kizuri?"

Nikamwambia kilikuwa kizuri. Ilikuwa mara ya nne.

Akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono, akasema basi andika hivyohivyo, na ukiandika wewe nitawasha oveni tena, usipoandika nitarudisha funguo kwa wenye jengo, kwa sababu siwezi kupika nikijua watu wanakula wakinionea huruma. Ijumaa atapita kuichukua barua.

Shangazi, nifanye nini? Niandike huo uongo mzuri, jiko liwake tena? Nimwombe mhariri atangaze kwamba Uma na Kisu alikosea? Au nimwambie ni mimi, nimpoteze, na mtu wa mwisho duniani anayeweza kukaa na kuzungumza nami habari za Doreen awe amekwenda? Nijibu, lakini tafadhali nijibu kwa upole, maana usingizi umeshanikimbia.

Ni mimi,
Wa Kando ya Mto

*

Wa Kando ya Mto,

Kwanza pole kwa kufiwa. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe umelipita mbio. Barua nzima imejaa viazi, na kuhusu Doreen umeandika "alikuwa rafiki yangu," ukaweka nukta, ukaendelea. Unasema hujui hasira ile ilikuwa ya nini. Mimi nimesoma mara moja tu na nimejua. Ulikwenda pale ukitaka kuletewa kile kipande kilichoungua pembeni, hakikuletwa, na aliyekuwa anakileta hatakileta tena. Hedley alisimama mbele yako na ile aproni na wewe ukamhukumu kwa kuwa yeye si mkewe. Kwa hilo nakuonea huruma, tena sana, nami nimewahi kukaa meza kama hiyo.

Huruma imeishia hapo. Umeniomba nikujibu kwa upole na sitakujibu hivyo, kwa sababu upole wenu umeshafanya kazi ya kutosha kijijini hapo. Mzee wa watu amefiwa, amejifunga aproni, amesimama mbele ya watu thelathini na mmoja akiomba mtu mmoja tu amwambie viazi vinahitaji muda zaidi. Mtu mmoja! Thelathini na mmoja wakamwambia safi kabisa. Na wewe, ambaye umefundisha watoto wa watu, umesahihisha madaftari yao kwa wino mwekundu miaka mingi bila kuona haya, ukaficha viazi chini ya kabichi kama mtoto wa darasa la pili, kisha jibu la kweli ukalipeleka kwa wilaya nzima, yeye akalisome gazetini.

Nisikilize vizuri. Kosa lako si kwamba uliandika viazi ni vibichi. Vilikuwa vibichi. Kosa ni kwamba wa mwisho kuambiwa alikuwa yeye, na ndiye pekee aliyeuliza. Ile sentensi ya pudini nayo ni ya kuombea radhi, siyo kwa sababu ni uongo, bali kwa sababu ulimwona mtu aliyekata tamaa mbele ya macho yako, ukamgeuza pambo la sentensi yako.

Kwa hiyo barua yake huiandiki. Ukiiandika ataiamini, atawasha oveni, atapika viazi vibichi vilevile, na ninyi mtamwambia safi, na siku moja atajua. Mhariri pia usimsumbue. Kufuta maneno ya kweli gazetini ni uongo wa tano, na huyu bwana ameshashiba.

Usingoje Ijumaa. Kesho, saa za mchana baa ikiwa tupu, nenda upitie mlango wa jikoni. Usibebe keki wala maua. Ichukue ile karatasi tupu, umrudishie. Sema "Hedley, Uma na Kisu ni mimi," na useme ukiwa umesimama, kabla hajaweka birika motoni, maana najua mkishakaa na chai mtaanza kuzungumza habari za mvua na utarudi nyumbani na siri yako. Usiseme "lakini." Usimweleze ulivyokuwa na majonzi, yake ni makubwa kuliko yako na ataanza kukufariji wewe. Mwambie ulimdanganya mara nne, umwombe radhi kwa zote nne, halafu nyamaza. Akikufukuza, ondoka, na usigonge tena mpaka akuite. Inawezekana asikuite. Hiyo ndiyo bei, na mimi siwezi kukupunguzia.

Safu yako ijayo isiwe ya baa nyingine. Andika kwa jina lako ulilobatizwa kwamba mpishi alikuuliza mara tatu mezani na ukamjibu uongo. Kijiji kizima kitasoma, na kila mmoja wa wale thelathini atajijua. Mtaona aibu pamoja.

Na kama siku moja utakuta chaki imerudi kwenye ubao, ingia, kaa pale dirishani, agiza kama wengine. Atatoka jikoni. Atakuja mpaka kwenye meza yako, na nakuhakikishia hatamuuliza mtu mwingine kabla yako, kwa sababu utakuwa wewe peke yako chumba kizima ambaye jibu lake lina maana. Usitazame bata. Onja kwanza, tafuna umalize, kisha umwambie vimeiva au havijaiva.

Shangazi Hilary