Duka Limefungwa Mchana

Bombay, 9 Juni 1957

Mama Mwanabibi, shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kipupwe kisiwe kimekuletea kifua. Mimi bado nahema kwa hatua chache tu. Jumatatu nilikuwa nipasuliwe, wapanue kile kilango cha moyo kilichobana. Haikuwa. Homa ya mafua imeingia mjini, imejaza wodi yetu, na daktari mpasuaji mwenyewe yuko kitandani. Jirani yangu alipasuliwa wiki iliyopita, akaambukizwa. Jana wamemtoa kafunikwa shuka. Naogopa, mama, na sina mama mwingine wa kumwambia. Baba usimweleze habari ya shuka.

Mwanao uliyemnyonyesha,
Batul

Kibiti, 20 Julai 1957

Mwanangu Batul, marahaba. Mwili wangu mzima, roho ndiyo haijatulia. Homa yenu imefika huku. Kijijini Mtunda wamelala nyumba nzima nzima, hata wa kuwachotea maji hakuna. Alhamisi nilikwenda kununua mafuta ya taa, nikakuta duka la baba yako limefungwa mchana. Nawe unajua Tayabali hafungi mchana ila kwa msiba. Nikajua ni wewe. Nililia pale barazani mpaka jirani yetu Mwajabu na wenzake wakaja kukaa matanga. Ndipo baba yako akafungua dirisha, kajifunga shali, akasema, "Mwanabibi, hajafa mtu. Ni mimi nina homa." Nilimtukana na kumwombea dua, vyote pamoja. Je, wamekupasua? Andika, hata mstari mmoja.

Mama yako,
Mwanabibi

Bombay, 8 Agosti 1957

Mama, shikamoo. Wamenipasua, niko hai. Kifua kinauma nikicheka, na nimecheka sana kwa hayo matanga yangu. Lakini homa haijaisha. Wauguzi wamejifunga vitambaa usoni, ami Hasham anaruhusiwa kunipungia mkono dirishani tu, na mtu akikohoa nageukia ukutani. Baba nimemwandikia mara mbili, kimya. Amepona?

Mwanao,
Batul

Kibiti, 25 Agosti 1957

Mwanangu, marahaba. Alhamdulillahi kwa uzima wako. Huku hatujambo, homa imepungua. Duka liko wazi, Husseini mpima mchele ndiye anayeuza. Baba yako amepumzika. Wewe kula, ulale, usifikiri mambo mengi.

Mama yako,
Mwanabibi

Bombay, 6 Septemba 1957

Mama, shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Hukunitania hata mahali pamoja. Na baba hajampa Husseini ufunguo wa duka maisha yake yote. Alipougua aliona heri afunge kuliko kumwachia.

Ami Hasham naye akija dirishani haniangalii usoni. Najua daktari amekataza nisishtuliwe. Lakini kutojua kunanitia hofu kuliko kile kisu, na moyo unanienda mbio usiku kucha. Wameshaushona, mama, utastahimili. Mimi ulinililia nikiwa hai. Niambie baba amezikwa lini, nami nimlilie.

Mwanao,
Batul