Nyundo ya Babu na Mbonyeo wa Pijo

Johannesburg, 9 Septemba 2003

Mpendwa mshauri, Shangazi Tabia, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naahidi kukueleza yote, hata yale yasiyonipendeza, maana Mama husema anayemficha mganga kidonda asije akailaumu dawa.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la kumi. Nakaa Turffontein na mama yangu, Paskalia, Mluguru wa Morogoro, aliyeolewa na baba yangu Sipho wakati Baba akiwa mkimbizi wa siasa kule Mazimbu, kambi ya wakimbizi wa huku iliyoko Morogoro. Kiswahili hiki nilifundishwa na Mama kwenye meza ya jikoni, kwa imla, kila Jumamosi, kwa hiyo nikikosea nisamehe. Baba alifariki mwaka jana, na mwezi ujao ndugu zake watafunua jiwe la kaburi lake, jambo ambalo huku ni kubwa kama mazishi yenyewe, na baada ya hapo ndipo Mama atavua nguo nyeusi.

Baba alituachia gari. Ni Pijo 404 ya zamani sana aliyoinunua babu yangu kabla Baba hajaondoka nchini, rangi yake ya samawati imefifia ikawa kama maziwa yaliyotiwa maji, gia yake iko kwenye usukani, viti vimepasuka, na kwenye ubavu wa nyuma kuna mbonyeo mkubwa unaoweza kulaza paka. Halijawahi kupakwa rangi wala kubadilishwa kitu cha nje. Baba alikuwa akinichukua nalo shuleni na wenzangu wakicheka, naye akipiga honi kwa makusudi ili wacheke zaidi.

Sasa sikiliza lililotokea. Jumapili mbili zilizopita ndugu na majirani walikusanyika uani kwetu kupanga siku ya kaburi, na miongoni mwao alikuwapo Mjomba Bakiri, Mnyamwezi wa Tabora anayeuza viatu mjini, ambaye ni mtani wa Mama, na unajua Shangazi watani wakiwa msibani hawana breki. Akalizunguka gari, akaupiga ule mbonyeo kwa kiganja, akapaza sauti:

"We Paskalia! Shemeji hakufa kwa ugonjwa, kafa kwa aibu ya kuonekana ndani ya banda hili la kuku! Makaburini msilipeleke, marehemu ataamka akimbie!"

"Toka hapa, mbeba mizigo wee!" Mama akamjibu. "Meno yako yenyewe yanataka fundi kuliko gari langu!" Akamrushia maji ya kuoshea vyombo, Mjomba Bakiri akaruka akijikwaa kwenye ndoo, na Watanzania wote wakacheka, na Mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipomzika Baba.

Lakini mlangoni alikuwa amesimama Baba mdogo Vusi, mdogo wake Baba, ambaye hajui Kiswahili. Akaniuliza kwa Kizulu, "Anasemaje huyo?" Nami, kwa kuwa nimefundishwa kwamba mkubwa akiuliza unamjibu kwa ukamilifu, nikamtafsiria neno kwa neno, banda la kuku, aibu, marehemu kukimbia, yote. Hakukasirika. Alivua kofia yake, akalitazama gari, akaguna, "Eish," kisha akasema, "Sharp," kama wasemavyo huku wakikubali jambo, akaondoka bila kunywa chai.

Kesho yake niliporudi kutoka shuleni gereji ilikuwa wazi na tupu, limebaki doa la oili tu sakafuni. Nilipiga ukelele nikidhani tumeibiwa. Mama alikuwa amekaa jikoni na mikono mapajani.

"Shemeji Vusi kaja na gari la kuvuta," alisema.

"Na wewe ukamwachia?"

"Mwanangu, mimi na nguo hizi ningesema nini?"

Kwa desturi ya upande wa Baba, mjane aliye katika nguo nyeusi hapandishi sauti, na habishani na shemeji juu ya vitu vya marehemu. Mama ameishika desturi hiyo kuliko hata wenyewe, kwa sababu hataki isemwe kwamba mke wa kutoka Tanzania hakumheshimu mumewe.

Basi nikaenda mwenyewe mpaka kwenye gereji ya kunyoosha mabodi, kule Rosettenville, ambako Mama aliambiwa limepelekwa. Viti vyetu vilikuwa vimetupwa juu ya matairi mabovu, kile ambacho Baba alikuwa akikalia kikiwa juu kabisa, kimegeuzwa miguu juu. Fundi anaitwa Évariste, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mchangamfu, akaniona nalia akanipa kigoda.

"Bon, mwana, usilie. Hii motokari tutaitosha mangonjwa yote, yatoke kabisa. Tunaishusha chini, tunaweka injini ya Kijapani, marimu mapana, rangi ya zambarau ya kung'aa, muziki kule nyuma. Ikitoka hapa hata mwenyewe hataijua!"

Alisema hivyo kwa kunifariji. Hata mwenyewe hataijua! Mpaka leo sentensi hiyo hainitoki.

Wakati huo huo Baba mdogo akaingia na chipsi mkononi, akanigawia, akaniambia kwa furaha, "Ntombi, binti yangu, siku hiyo Orlando nzima, mtaa wetu wote, itakuwepo. Vijana watalizungusha hili kwa kasi pale pale, kama tunavyowaheshimu wafu wetu, mpaka moshi wa matairi ufunike geti la makaburi. Yule rafiki wa mama yako ayale maneno yake na mkate."

Nikamwuliza, "Na mbonyeo je, Baba mdogo?"

"Huo ndio wa kwanza. Mzee, babu yako, alikufa na aibu hiyo ubavuni mwa gari, hakuwa na uwezo wa kuinyoosha. Mimi namalizia kazi yake."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hajui. Yeye siku hizo alikuwa migodini Welkom, hakuwapo Baba alipoondoka wala aliporudi. Kumbe mbonyeo huo aliutia Baba, usiku wa mwisho kabla hajatoroka nchi, alipolichukua gari bila ruhusa kwenda kuwaaga wenzake akarudi kinyumenyume kwenye sanduku la makaa la jirani. Babu alimgombeza akamwambia, "Utaunyoosha mwenyewe, kwa mkono wako," na asubuhi Baba hakuwapo. Miaka yote ya uhamisho Babu alifukuza kila fundi aliyejitolea, akisema, "Mwenye kazi hii hajarudi." Tuliporudi mwaka wa tisini na moja, mimi nikiwa nimebebwa na Mama, Babu hakumkumbatia mwanawe kwanza, aliingia ndani akatoka na nyundo ya mbao, akamwambia, "Haya. Nyoosha." Mama anasema Baba alipiga magoti pale penye bati akacheka mpaka akalia, na Babu akalia, na nyundo haikupigwa hata mara moja. Tangu siku ile ilikaa ndani ya buti, imefungwa kwa gunia. Baba aliniambia, "Siku nikinyoosha hapa, nitakuwa nimesahau nani alinisubiri."

Sikumwambia Baba mdogo. Nilitaka, lakini alikuwa anafurahi, na chipsi zilikuwa mdomoni mwangu, na mimi ni mtoto wa kike, na ni mimi niliyemtafsiria yale maneno. Nilifungua buti nikaichukua nyundo, nayo sasa iko chini ya kitanda changu. Fundi anasubiri injini, hivyo bodi hataigusa mpaka mwisho wa mwezi. Mjomba Bakiri hajui alichokisababisha. Na Mama, jana nilimkuta katika gereji yetu amesimama juu ya lile doa la oili.

Shangazi, najua gari ni bati, na najua Baba mdogo anampenda Baba. Bado natumaini. Naomba unijibu katika gazeti la Jumapili ijayo linalogawiwa kanisani, usingoje zaidi: je, nimwambie Baba mdogo ukweli na kumwondolea furaha yake mbele ya kaburi la ndugu yake, au ninyamaze wamfute Baba kwa rangi ya zambarau?

Wako mtiifu,
Emmy

SHANGAZI TABIA ANAJIBU

Emmy, marahaba, mwanangu. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, chai ikapoa. Imla za mama yako hazikupotea bure.

Pole. Sasa tega sikio, maana nitakugombeza kidogo. Ulitafsiri maneno, kicheko ukakiacha uani. Baba yako mdogo alipokea matusi matupu: mgeni kasimama kwenye uwanja wa ndugu yake, anamtukana maiti, na mjane anacheka! Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu mtani ndiye anayeruhusiwa kumchekesha mfiwa, na kwamba mama yako asingerusha yale maji angekuwa bado ana jiwe kifuani. Ungekuwa wewe Vusi, usingekwenda kutafuta rangi ya zambarau? Mtu huyu hafuti chochote. Anamtetea kaka yake kwa silaha anayoijua, na huko Orlando silaha hiyo ni moshi wa matairi. Basi ondoa hilo neno "wamfute" moyoni mwako kabla hujafungua mdomo mbele yake.

Wala usimsukume mama yako aseme. Nguo ile anaivaa kwa hiari na kwa akili. Zimebaki wiki chache, usimharibie.

Atakayesema kwanza ni Bakiri. Bakiri, najua unausoma ukurasa huu dukani kabla hujafungia wateja viatu, usijifanye huoni! Utani una haki na una deni lake. Mtani akiharibu, hutengeneza kwa mkono wake. Nunua jogoo, jogoo wa maana, siyo yatima mwenye kikohozi, uende kwa Vusi kabla ya Jumamosi. Umwombe radhi mbele ya Emmy, naye atafsiri tena, safari hii pamoja na kicheko. Umwambie kwamba siku ya kaburi wewe ndiye utakayeliosha gari lile na kutembea mbele yake kwa miguu mpaka getini, na kila mtu wa Orlando anayetaka kucheka akucheke wewe. Hapo aibu yake itakuwa imepata pa kukaa.

Kuhusu gari, usiwe mkaidi, Emmy. Mambo yasiyoonekana, waache wayatengeneze: breki, matairi, nyaya, hata mabomba ya mafuta. Gari lisilosimama siyo ukumbusho, ni msiba mwingine unaosubiri barabara. Injini ikiwa inaweza kufufuliwa, ifufuliwe ile ile. Viti virudi kama vilivyokuwa na vishonwe palipopasuka. Rangi na bati, hapana. Vijana wakitaka kulizungusha, walizungushe, Pijo ni ngumu, na marehemu aliyekuwa akipiga honi ili wacheke hatachukia.

Sasa mbonyeo. Ulikosea jambo moja kubwa, kuchukua nyundo ukaificha. Nyundo ile ndiyo maneno yako yote. Itoe chini ya kitanda. Bakiri akishamaliza, mpeleke baba yako mdogo kwenye ule ubavu, wewe mwenyewe, fundi akae mbali. Mweleze habari ya sanduku la makaa, na ya Babu kutoka ndani na nyundo. Usilie, usimwambie la kufanya. Kisha mpe nyundo kwa mikono miwili, kama ulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu, umwambie: "Baba mdogo, mwenye kazi hii sasa ni wewe. Nyoosha."

Halafu nyamaza. Akipiga, ni mkono wa ndugu uliopiga, siyo wa fundi wa kulipwa, nawe umshikie tochi aone vizuri. Asipopiga, mpishe apige magoti pale alipopiga kaka yake.